Kuzima Kulifundishwa Baada ya Chakula

Jumatatu, 7 Oktoba

Constance hayupo. Bado hayupo. Kitanda kikubwa mno, sufuria moja chafu, mende wasiohesabika. Nikiwa naandika sentensi hii mmoja amepita juu ya kalamu. Hana haraka hata kidogo. Anajua nyumba ni yake.

Nieleze vizuri, maana siku hizi hakuna mwingine wa kunisikiliza. Mke wangu amerudi kwao Nguba, kwa baba yake papa Bulonza, kwa sababu ya mende mmoja. Mmoja! Alitokea kwenye mkono wa blauzi yake ya kwaya katikati ya Gloria, mbele ya parokia nzima, akapanda mpaka begani, akatulia pale kama nishani. Safu yote ya soprano ilinyamaza. Constance aliimba mpaka mwisho. Ndiyo maana nilimpenda. Kisha alikuja nyumbani akafunga mizigo.

Mlangoni nilimwambia nitanunua dawa. Aliutazama ukuta nilioupaka rangi mpaka pale mkono wangu ulipofikia. Akavitazama vizimba vya sungura visivyo na sungura. Akakitazama kibao cha shule yangu ya Kiingereza, kilichoandikwa SHULE YA KIIN. Halafu akasema: "Maliza kitu moya, Télesphore. Moya tu. Ukimaliza, njo nitarudi." Akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda.

Kitu kimoja! Mtu mwenye diploma ya sosholojia anaambiwa kama mtoto wa chekechea. Nimelia. Nilipomaliza kulia nikapata wazo.

Parokia yetu ina mashine ya kupuliza moshi wa dawa. Mradi fulani wa afya ulipofunga ofisi uliiachia kamati ya usafi. Inaning'inia begani, injini yake inanguruma kama moto iliyokatwa ekzosi, ina bomba refu la chuma, na moshi mweupe unaotoka mbele unaua mbu, mende, na kila chenye miguu kupita kiasi. Waliofundishwa kuiendesha ni wawili: mimi, na Lucien wa sauti ya tenor. Mafunzo yalifanyika ukumbi wa parokia. Mimi nilikaa karibu na mlango, upande wa sambusa. Kuwasha ninajua vizuri sana. Kuzima kulifundishwa baada ya chakula, na baada ya chakula mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Mpango ni huu. Kule Nguba mbu wa ziwani wanawala wakwe zangu wakiwa hai. Nitapuliza nyumba yao, mbele ya ukoo mzima, mwanzo hadi mwisho. Constance ataona kwa macho yake. Tutarudi Kadutu kwa moto moja. Mende wa hapa wasubiri, zamu yao itafika.

Jumanne, 8 Oktoba

Stoo ya parokia iko chini ya maman Gisèle, na ufunguo wake ameuvaa shingoni pamoja na rozari. Hatoi mashine bila katekisimu. Aliniketisha juu ya gunia la chokaa, akanisomesha.

Tanki la dawa linajazwa mpaka wapi? Lisifike juu, maman. Esanse ya injini inamiminwa lini? Injini ikiwa baridi, maman. Watu, vyakula, mbabula ya mkaa, umeme? Watu na vyakula nje, moto na umeme vizimwe. Ndani ya nyumba unaanzia wapi? Chumba cha mwisho kabisa. Unatokaje? Kinyumenyume, moshi ukiwa mbele yangu na mlango ukiwa nyuma yangu. Unazimaje? Ninafunga kwanza robine, yaani koki ya dawa, ninangoja bomba liteme moshi wote, ndipo ninazima injini. Na baadaye? Ninatoa dawa iliyobaki, ninasuuza tanki, ninasugua masizi ya bomba kwa brashi yake.

Kila jibu alilitaja yeye kwanza, nami nikalirudia bila kosa. Katekisimu sijawahi kushindwa. Mwaka wa kipaimara changu nilikuwa wa kwanza. Kuelewa ni jambo jingine, na hakuna aliyeniuliza kama nimeelewa.

Kisha dhoruba. Barakoa nzuri, ile yenye vichujio viwili, ni moja tu, na iko kwa Lucien, kwa sababu wiki iliyopita alipuliza shule ya msingi. Maman Gisèle anasema niipitie kwake. Nimwombe Lucien! Lucien anayepiga pasi salopeti ya kazi! Lucien ambaye, tangu Constance aende Nguba, amegundua ghafla kwamba anampenda sana papa Bulonza na kwamba lazima apite kumsalimia! Afadhali nivute moshi.

Nimeibeba mashine mpaka nyumbani kwa kupanda zile ngazi zote za Kadutu. Watoto walinifuata wakiuliza kama ni bunduki. Niliwajibu ni ya ndoa.

Jumatano, 9 Oktoba

Mazoezi ya nyumbani. Ole wangu.

Esanse nilinunua kwa kadhafi, ndivyo tunavyowaita wauza mafuta ya chupa barabarani. Ilikuwa na rangi ya chai. Kadhafi aliapa ni ya leo. Nikamimina. Tanki la dawa nalo nikalijaza mpaka juu kabisa, kwa sababu tanki lenye nafasi linaonekana la mtu asiye na imani.

Mashine ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa. Nikaipiga kofi. Ikawaka! Kishindo! Mtaa mzima ulitoka nje. Moshi mweupe, mzito, wa kupendeza, ulijaza chumba changu ukatokea kwenye matundu ya mabati. Nilijisikia mtu. Laiti Constance angeniona dakika ile. Ile tu, si iliyofuata.

Mende walitoka. Walitoka wote, kwa utaratibu mzuri, wakapita chini ya ukuta wa mbao na kuingia kwa jirani yangu, tonton Aganze. Aganze akaanza kupiga makelele. Nami, kwa ujirani mwema, nikazima injini papo hapo. Injini tu. Robine ya dawa niliiacha wazi.

Basi dawa ikaendelea kutiririka ndani ya bomba lenye joto la kuokea mkate. Bomba likanyamaza kidogo, kama mtu anayefikiria. Halafu likatema moto. Ulimi wa moto, mrefu kama mkono! Ukaramba suruali ya Misa ya Aganze iliyoanikwa kwenye kamba mbele ya mlango wangu. Mguu mmoja ulipona.

Bintu, mke wa Aganze, alikuwa uani akipika maharage kwenye mbabula. Nilikuwa nimemwomba kwa adabu asogee, akanijibu maharage hayajaiva. Sasa yameiva na yananuka dawa. Ameyamwaga yote mbele ya mlango wangu, sufuria nzima, bila kusema neno. Afadhali angetukana.

Jioni mende wamerudi. Nadhani wamekuja na wageni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kichwa kinauma, mikono inawasha, chai ina ladha ya dawa. Ilipasa nioge kwa sabuni jana ile ile baada ya kazi. Bomba la maji la mtaa limekauka tangu juzi. Nilijipangusa kwa gazeti.

Nilifikiria kuisafisha mashine. Nilifikiria kwa muda mrefu, nimekaa mbele yake. Lakini kwa nini nisugue masizi leo, wakati Jumamosi yatarudi? Nani anaoga kabla ya kwenda shamba? Dawa iliyobaki nimeiacha ndani ya tanki, nisije nikahangaika kuchanganya tena. Brashi ya bomba nimeitumia kusugua viatu kwa kiwi. Vinang'aa ajabu.

Mchana Lucien amepita mwenyewe, na barakoa mkononi, ndani ya mfuko safi. Akasema amesikia nina kazi Nguba. Nilimwambia kupitia dirishani kwamba ninayo yangu, nzuri kuliko hiyo, imetoka Ubelgiji. Akasema: "Basi, vizuri, mukubwa." Halafu akaitazama brashi ya bomba, ikiwa na kiwi. Akaondoka na mfuko wake safi. Mtu mwenye kiburi sana.

Nimemwandikia Constance kwamba Jumamosi nitapuliza nyumba ya papa, mwanzo hadi mwisho, bila kuomba chochote. Nikangoja. Nikapika chai nyingine. Nikangoja. Jibu likaja: papa amekubali, nije baada ya salongo, ule usafi wa pamoja wa Jumamosi asubuhi. Na chini yake ameongeza: "Uvale maski."

Nimeyasoma maneno hayo mpaka simu imezimika. Ananipenda! Mtu hamwambii mumewe avae barakoa kama anatamani kuwa mjane.

Ijumaa, 11 Oktoba

Aganze amekuja na suruali yake ya mguu mmoja, ili niione tena. Alipoona nimeshaiona vya kutosha akauliza, kesho kwa wakwe nitaanzia wapi. Nikamjibu kitaalamu: chumba cha mwisho, kisha kinyumenyume mpaka nje. Akavuta kigoda akakaa. Akauliza chumba cha mwisho ni cha nani.

Mungu wangu.

Chumba cha mwisho kwenye korido ile ni cha papa Bulonza na maman Eulalie. Na mimi ni mkwe! Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hachungulii hata kama mlango uko wazi. Miaka yote hii mimi na maman Eulalie tumesalimiana tukiwa na meza katikati, yeye akitazama viatu vyangu, mimi nikitazama kalenda ukutani. Nani kwetu Bushi atanielewa nikisema kazi yangu inaanzia kitandani kwake?

Aganze akatoa shauri. Chumba kile apulize mtu asiye mkwe, mimi nifanye vilivyobaki. Lucien, kwa mfano. Niligonga meza mpaka mende wakaruka. Lucien aingie ndani kabisa, mimi nishike mlango kama mlinzi? Constance aone hivyo? Nilimwambia Aganze aende na mguu wake.

Nimefikiri mpaka bugali umepoa. Na nimepata! Nitaanzia mlango wa mbele! Nitakwenda mbele kama mwanaume: sebule, korido, chumba cha wasichana, mpaka mlango wa wakwe. Pale nitaingiza moshi kidogo chini ya mlango, kwa heshima, bila kuufungua. Kisha nitatokea jikoni kwa mlango wa nyuma. Mama mkwe ameheshimiwa, mende wamekufa, mke amerudi. Kanuni za maman Gisèle ziliandikwa na watu wasio na mama mkwe.

Kuhusu barakoa: leso iliyoloweshwa itatosha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ninaandika nikiwa nimelala kifudifudi. Nitaeleza kifupi, kisha nife.

Salongo ilipoisha na barabara kufunguliwa, nilifika Nguba. Salopeti ya kuazima, leso shingoni, viatu vinang'aa. Uani viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kama kwenye kilio. Papa Bulonza alisali kifupi, akaikabidhi nyumba kwa Mungu, jambo ambalo lilinichoma kidogo, kwa kuwa alipaswa kuikabidhi kwangu. Maman Eulalie alivitazama viatu vyangu. Lydie, shemeji yangu mdogo, alishika simu tayari kurekodi. Na Constance! Kikwembe cha bluu kiunoni. Amekonda. Aliniuliza barakoa iko wapi. Nikamwonyesha leso. Alifungua mdomo, nami nikawasha mashine ili nisisikie.

Sebule, vizuri. Chumba cha wasichana, vizuri. Korido, vizuri mno. Nilikwenda mbele kishujaa na moshi ukanizunguka, kwanza mbele, kisha pembeni, kisha nyuma. Nyuma ndiko mlango ulikokuwa. Nikageuka: weupe mtupu. Sikuviona hata viatu vyangu. Haidhuru, nikajiambia, kuna mlango wa jikoni. Nikapapasa. Nikagusa kitu kirefu, baridi, chenye kitambaa cha kudarizi juu yake. Frigo! Tangu wezi wapite, papa Bulonza ameegemeza frigo kwenye mlango wa nyuma. Hakuna aliyeniambia. Sikuuliza. Na frigo ilikuwa inanguruma, maana umeme nao sikuuzima.

Hapo bomba, kwa yale masizi niliyoyahurumia Alhamisi, likaanza kurusha cheche. Macho yalibubujika. Leso ilikuwa imeshakauka. Nilikohoa mpaka nikamwona marehemu babu yangu, naye alikuwa anatikisa kichwa. Nikapapasa ukuta, nikapata kitasa, nikafungua, nikaingia, nikapumua. Hewa! Pazia! Dirisha! Na kitanda kipana, na msalaba juu yake.

Nilijua mara moja niko wapi.

Koridoni kuna kifo, humu kuna aibu. Nilichagua aibu. Leo jioni ningechagua korido. Moshi ulikuwa unanifuata kwa mlango. Niliiweka mashine chini, au nilidhani ni chini, nikanyakua nguo ya kwanza niliyoigusa, nikajifunika pua, nikajitupa dirishani.

Niliangukia kwenye maua, mbele ya viti vya plastiki. Watu wote walikuwepo. Nguo niliyojifunika usoni ilikuwa jupo ya maman Eulalie. Ile ya ndani, yenye lesi.

Maman Eulalie alijifunika kichwa chote kwa kitenge. Papa Bulonza alisema neno moja, kwa sauti ya chini: "Mukwe." Lydie hakuacha kurekodi.

Ndipo Constance akapiga ukelele: na mashine je? Kweli. Injini ilikuwa bado inanguruma kule ndani. Nilikuwa nimeilaza kitandani.

Na nani akatokea getini? Lucien. Maman Gisèle alikuwa amesikia habari za barakoa yangu ya Ubelgiji, akamtuma mbio. Ile ya vichujio viwili aliivaa yeye mwenyewe. Salopeti yenye mstari wa pasi! Alikata umeme kwanza, akaingia. Tuliona moshi wa dirishani ukipungua, ukipungua, ukakoma, na baada ya hapo tu injini ikanyamaza. Akatoka na mashine begani, hakohoi. Watu walipiga makofi. Constance alipiga makofi. Godoro la wakwe zangu lina tundu la ukubwa wa sahani.

Lucien aliniwekea mashine mikononi. Akasema kanuni ni kwamba aliyeitumia ndiye anayeisafisha. Nilimwona ananihurumia. Hilo sitamsamehe.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikwenda Misa. Natapika. Aganze, ambaye ana furaha siku hizi, alinishauri maziwa. Nikanywa maziwa. Akashauri mawese. Nikanywa mawese. Mwishowe walinibeba mpaka kituo cha afya, ambako muuguzi alinivua nguo zote, akaniosha kwa sabuni kama kitoto, akaniambia maziwa na mawese hayaondoi sumu ya namna hii, na kwamba ningefika jana ingekuwa afadhali. Akauliza nilivaa nini usoni. Nikageukia ukuta. Akasema asante, ameshaona video.

Ameshaona video! Lydie ameiweka kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na kutoka kwaya imetembea. Wakati wa kurudi, mama mmoja muuza mboga za lengalenga amenisalimia: "Jambo, papa Jupo." Wala hakunikejeli. Alidhani ndilo jina langu.

Papa Bulonza ametuma neno. Mambo ya chumba yanaoshwa kwa mbuzi jike, na mbuzi huyo asiletwe na mimi. Kuhusu Constance, hakusema kitu. Sina mbuzi. Sina mke. Nina mende. Nimelala chali nawatazama darini, nao wananitazama. Nimefika chini kabisa. Kama kuna mtu aliyewahi kufika chini ya hapa, aje anieleze palivyo, nijiandae.

Jumatatu, 14 Oktoba

Hodi. Nilijua ni Aganze na suruali. Ilikuwa Constance!

Beseni kichwani, sabuni ndani yake. Hakunisalimia. Alifungua madirisha yote. Akaitoa salopeti kwa kijiti, akaifua peke yake, mbali na nguo nyingine. Akaniletea uji. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda.

Akasema siku ile pale uani alikuwa anatazama mlango. Moshi ulitoka, mende walitoka, paka alitoka, mimi sikutoka. Alianza kunililia kabla sijapita dirishani. Akasema makofi yale hayakuwa ya Lucien, ni mikono yake tu ilikuwa haijui ifanye nini. "Nilizani umekufa, Télesphore. Umekufa mu nyumba ya papa, na miye njo nilikutuma."

Nikalia. Yeye pia. Halafu tukafika kwenye habari ya jupo, na alicheka mpaka akaushika ukuta, pale rangi inapoishia. Nami nilicheka. Iliniuma kifuani lakini nilicheka. Sijui mara ya mwisho nyumba hii ilisikia kitu kama hicho.

Habari ya mbuzi ameshaongea na shangazi yake wa Walungu, ndiye atakayemleta. Na sharti la Constance kurudi ni lile lile, ila amelipunguza ili nilimudu. Kesho niisafishe mashine, niipeleke mwenyewe, niiweke mikononi mwa maman Gisèle. Basi. Hicho ndicho kitu kimoja. Yeye atabaki hapa kupika, na nikirudi mikono mitupu tutakwenda pamoja Nguba kuchukua mizigo yake. Nisiporudi hivyo, atakwenda peke yake, na hatakuja tena na beseni. Alilisema hili la mwisho polepole, bila hasira. Ni hilo lililonitisha.

Kutoka hapa mpaka parokia ni kushuka ngazi tu. Mtoto angeweza. Nimeapa kwa kaburi la mama yangu.

Jumanne, 15 Oktoba, asubuhi

Nimeisafisha! Karibu yote. Nje yote. Ndani ya bomba brashi haikufaa, ina kiwi. Constance amenunua sokoni sambaza, dagaa wa ziwa letu, anazichambua mlangoni, na anaimba. Ile Gloria. Anaiimba yote, hata pale mende alipotokea. Jamani, mimi ni mtu mwenye bahati. Ninatoka sasa hivi. Nitarudi kabla bugali haujapoa.

Jumanne, 15 Oktoba, jioni

Ninaandika juu ya goti, ndani ya gari la jeep, mbele ya Walungu.

Sikupanga. Chini ya ngazi za parokia nilikutana na Akonkwa, niliyesoma naye sekondari, sasa ni mfanyabiashara Kamituga. Aliiona mashine akashika kichwa. Akasema kule malaria inawamaliza wachimbaji wa dhahabu. Mashimo yamejaa mbu, popo, na wadudu ambao hata jina hawana, na mwenye shimo mmoja anatafuta mtu wa kupuliza, hata leo. Gari lake lilikuwa limeshawashwa. Niliangalia juu. Maman Gisèle alikuwa pale mlangoni mwa stoo, anafagia, ufunguo shingoni. Angenyoosha tu mikono angeipokea.

Lakini tufikiri kidogo. Parokia ipo pale tangu enzi za babu. Haitakimbia. Na kurudisha mashine ni kitu kidogo sana, kitu cha mtu yeyote, hata Lucien hurudisha mashine. Nikija kwa Constance nimemaliza Kamituga nzima, si ndicho kitu kimoja hasa? Atanielewa. Ananijua.

Tumekwama kwenye matope. Mvua. Malori yamepanga mstari mbele na nyuma. Tanki linanivujia kidogo mapajani, robine nitaifunga tukifika. Simu imelia: Constance. Imelia tena: Constance. Sijapokea. Nitampigia nikiwa na habari njema, nisimkatize akipika. Sasa umeingia ujumbe: "Sambaza inapoa. Uko fasi gani?" Na sasa simu imetulia. Imetulia muda mrefu. Nadhani amekula.

Jambo moja limenituliza moyo. Nimemuuliza Akonkwa shimo lenyewe likoje, maana mimi sasa ni mtu wa uzoefu. Hakuna korido, hakuna frigo, hakuna chumba cha mama mkwe. Ni njia moja nyembamba inayoshuka chini, ndefu sana, na mlango ni mmoja tu. Hakuna cha kunichanganya. Nitaanzia mlangoni, niende mbele.